Vyura sebuleni: Wajengee nyumba nzuri, lakini maji yao yasifike jikoni

"Daktari, mwanangu anataka kufuga vyura. Je, hatapata chunjua?"

Swali hili niliulizwa hivi majuzi na mama mmoja aliyemleta kijana wake wa miaka 11 kwenye kliniki. Kijana huyo ana ugonjwa wa pumu, na akikaribiwa na paka kifua humbana mara moja. Alikuwa ameona kwa rafiki yake sanduku la kioo lililopandwa mimea, upande mmoja nchi kavu na upande wa pili maji, na ndani yake vyura wadogo wasiozidi urefu wa kidole gumba. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Mama aliogopa chunjua. Baba, niliambiwa, aliogopa maneno ya majirani.

Huenda nawe msomaji umeulizwa jambo kama hilo na wanao. Nianze basi kwa kukuondolea hofu. Chunjua haitoki kwa chura. Huletwa na virusi ambavyo huenea kutoka kwa binadamu mmoja hadi mwingine. Vile vinundu unavyoviona kwenye ngozi ya baadhi ya vyura ni tezi zao tu. Kuhusu maneno ya majirani, mimi sina dawa.

Hata hivyo, ipo hatari ya kweli, na sikuijua kwa kusoma vitabu pekee.

Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea binti yangu sanduku la aina hiyo. Nilizingatia kila kanuni niliyoifahamu ya kuwatunza vyura. Jumamosi moja jioni nilitoa mawe yaliyokuwa majini, nikayasugua kwenye sinki ya jikoni, nikamwagia sinki maji kidogo, kisha nikaenda zangu kusikiliza taarifa ya habari. Usiku huo chupa ya maziwa ya kitinda mimba wetu, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, ilioshwa katika sinki iyo hiyo.

Jumatatu asubuhi mtoto aliamka na homa huku tumbo likimsokota. Kufikia alasiri alikuwa akiharisha choo chenye damu. Alilazwa siku tatu. Maabara iligundua bakteria wa Salmonella katika choo chake, na tulipopeleka maji ya lile sanduku, wakapatikana humo pia. Mimi niliyekuwa nimewahimiza wagonjwa wangu kunawa mikono kwa zaidi ya miaka kumi, ndiye niliyewaingiza bakteria hao jikoni kwangu.

Mtoto alipona, na vyura hatukuwatupa. Tulichobadilisha ni mapito ya maji. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa ulishike katika makala haya: maji ya chura na maji ya jikoni yasikutane hata siku moja. Ukiliweza hilo, mengine yote yanawezekana.

Bakteria hawa ni akina nani?

Vyura wengi hubeba Salmonella matumboni bila wao wenyewe kuugua. Chura anaweza kuonekana mzima, macho maangavu na ngozi inayong'aa, na bado bakteria wakawa wamejaa ndani ya maji anamokaa. Hivyo basi, kumtazama hakukuambii lolote.

Usiwachanganye bakteria hawa na wale wa homa ya matumbo. Ni kweli kwamba homa ya matumbo nayo huletwa na aina moja ya Salmonella, lakini aina hiyo hukaa kwa binadamu peke yake. Ile ya vyura, kasa, mijusi na vifaranga aghalabu huleta homa, kuumwa na tumbo na kuharisha, kuanzia saa 6 hadi siku 6 baada ya kuambukizwa.

Mfano mzuri ulitokea Marekani. Kati ya mwaka 2008 na 2011 watu 376 katika majimbo 44 waliambukizwa Salmonella kutoka kwa vyura wadogo wa majini wenye asili ya Afrika, ambao walikuwa wakiuzwa kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Hakuna aliyefariki, lakini wengi walilazwa hospitalini, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa watoto wasiotimiza miaka 10. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye kituo kimoja cha kuzalisha vyura hao.

Katika nchi zetu za Afrika mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Mtoto mchanga aliyedhoofishwa na malaria au utapiamlo anaweza kuingiliwa na bakteria hawa hadi kwenye damu. Wenye ugonjwa wa selimundu nao wanaweza kushambuliwa kwenye mifupa. Kwa sababu hiyo, ikiwa nyumbani mwako mna mtoto aliye chini ya miaka 5, mama mjamzito, mzee, mgonjwa wa selimundu, au mtu ambaye kinga yake imepungua kwa sababu ya virusi vya UKIMWI au matibabu ya saratani, ushauri wangu ni mmoja: ahirisha jambo hili. Mimi sikuahirisha, na umesikia yaliyonipata.

Kibali kwanza

Usimtume mtoto Ondiri au kwenye kinamasi cha mtaani akiwa na mkebe. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, chura wa porini ni mnyamapori kama vile swara alivyo. Kabla ya kumchukua au kumnunua, nenda kwenye ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) uulize kuhusu kibali. Usidhani kwamba mnyama mdogo hana mwenyewe. Mwezi Mei mwaka 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, na shauri lenyewe lilihusu sisimizi.

Muda wa kungojea jibu haupotei bure, kwani nyumba ya vyura inapaswa kukaa bila mpangaji kwa wiki nne hivi ili mimea ishike mizizi na maji yatulie. Ukinyimwa kibali utabaki na bustani nzuri ya kioo sebuleni, nayo haina Salmonella ya chura.

Kujenga sanduku

Kwa vyura wanne wadogo wa jamii ya wale wanaoishi kwenye matete, ambao hufikia sentimita 3 hivi, tafuta tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 45. Kimo ni muhimu kwa sababu vyura hawa hupenda kupanda. Fundi wa vioo yeyote anaweza kukutengenezea.

Mwambie aweke katikati kipande cha kioo chenye kimo cha sentimita 10 kutoka ukuta hadi ukuta, ili kitenganishe nchi kavu na maji. Gundi iwe ile ya silikoni inayotumiwa kwa matangi ya samaki. Ile ya bafuni mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, nayo ni sumu kwa chura. Liache tangi wazi kwa wiki moja hadi harufu ya gundi iishe kabisa.

Upande wa nchi kavu, tandaza kokoto safi kwa kina cha sentimita 3. Juu yake laza kipande cha wavu, kisha tia udongo wa sentimita 6 uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Udongo usiwe na mbolea wala dawa ya wadudu. Kokoto zile hupitisha maji yanayozidi ili mizizi isioze. Katika kona moja simamisha bomba jembamba linalofika hadi kwenye kokoto, upate kuyavuta maji yaliyotuama huko chini.

Upande wa maji, panga mawe laini kama ngazi kutoka chini hadi kwenye nchi kavu, kisha tia maji kwa kina cha sentimita 7. Hizo ni lita 5 hadi 6 hivi. Ngazi si pambo. Chura mdogo aliyechoka na asiyepata pa kushika huweza kufa maji, ingawa ni muogeleaji.

Kifuniko kiwe cha wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, uliobanwa kwenye fremu inayokaa barabara. Usikate chandarua cha kitandani kilichotiwa dawa. Dawa ile huua wadudu, na itaua chakula cha vyura na kuwadhuru wao wenyewe.

Sanduku likijaa litakuwa na uzito wa kilo 25 au zaidi. Liweke juu ya meza imara, mbali na mahali watoto wanapokimbilia, na mbali na jua la moja kwa moja. Kioo kilichopigwa na jua huchemka ndani kama gari lililoegeshwa mchana. Na kwa kuwa unyevu huleta ukungu, na ukungu huchochea pumu, lisiwekwe katika chumba cha kulala. Kijana yule wa miaka 11 nilimwambia hivyo hivyo: sebuleni karibu na dirisha, na ukungu ukionekana uondolewe na mtu mwingine.

Mimea na maji

Upande wa nchi kavu panda mimea inayopenda kivuli na unyevu, kama vile kangaga. Ule mtambazi wenye majani ya umbo la moyo, ambao watu wengi huuotesha katika chupa ya maji sebuleni, hufaa sana, na mizizi yake huning'inia ndani ya maji na kuyasaidia kubaki safi. Lakini majani yake yakitafunwa na mtoto huuchoma mdomo na ulimi, hivyo yasitoke nje ya sanduku. Majini unaweza kusimamisha mabua machache ya matete au mafunjo machanga ili vyura wapate pa kupanda usiku, wakati ambao huamka na kula.

Mimea yenyewe inunue kwa wauzaji wa miche. Usiing'oe mtoni wala ziwani. Mimea ya kinamasi huweza kuja na konokono, na wapo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Konokono mmoja aliyeambukizwa akiwa ndani ya sanduku lako atatoa vimelea majini, na hivyo hupenya ngozi ya mkono unaotia humo. Kwa sababu hiyo hiyo, usichote maji ya bwawa. Gugumaji nalo liache huko huko ziwani. Taabu lililoleta Ziwa Viktoria inatosha.

Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye paa safi, au ya mfereji. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili sisi tusiugue, lakini chura hanywi kwa mdomo. Huyafyonza maji kupitia ngozi ya tumbo na mapaja, na ngozi hiyo hiyo humsaidia kupumua. Kinachogusa ngozi yake huingia mwilini. Acha maji ya mfereji katika beseni lililo wazi kwa saa 24, klorini nyingi itaondoka. Beseni hilo lisiwe limewahi kutumiwa kwa sabuni.

Kwa ajili ya ngozi hiyo, mkono uliopakwa mafuta au dawa ya kufukuza mbu usiingie humo. Ukipuliza dawa ya wadudu chumbani, sanduku lihamishwe kwanza au dawa isipulizwe. Chura si mwanasesere. Ni wa kutazamwa, na mtoto akilielewa hilo tangu siku ya kwanza, nusu ya kazi imekwisha.

Usifuge mbu

Wengi hudhani kwamba palipo na chura mbu hawathubutu. Si kweli. Vyura hawa hula wadudu wanaopita mbele yao, lakini hawavui viluwiluwi vya mbu majini. Lita 5 za maji yaliyotulia zinatosha kuzalisha mbu wengi, na kutoka yai hadi mbu kamili ni siku 7 hadi 14.

Mjini jambo hili si dogo. Mombasa imewahi kupata milipuko ya homa ya dengi na chikungunya, magonjwa yanayoenezwa na mbu anayependa vyombo vidogo vya maji nyumbani. Isitoshe, mwaka 2023 watafiti wa KEMRI walitangaza kuwa mbu wa malaria aina ya Anopheles stephensi, anayeweza kuzaana katika vyombo vya maji mijini, amepatikana Marsabit.

Kwa hivyo, badilisha nusu ya maji kila baada ya siku tatu, na sugua kuta za kioo pale maji yanapokomea. Mbu wa dengi hubandika mayai yake hapo, nayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kifuniko kikikaa barabara, mbu hataingia kutaga wala atakayezaliwa hatatoka.

Ndoo nyekundu

Nyumbani kwangu kuna ndoo moja nyekundu, sifongo moja na kikombe kimoja cha plastiki. Vyote ni vya vyura na hukaa nje chini ya paa. Jikoni haviingii. Kanuni zetu zimebandikwa ukutani, nawe unaweza kuzinakili:

Kwanza, hakuna chombo wala jiwe la sanduku linaloingia katika sinki ya jikoni, beseni la kuogea mtoto au karai la kufulia. Usafi hufanyiwa nje, ndani ya ndoo nyekundu.

Pili, maji hayavutwi kwa kunyonya mrija kwa mdomo. Wauzaji samaki wengi hufanya hivyo, lakini ni sawa na kunywa kinyesi cha chura. Tumia bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, ambalo hupatikana katika duka la dawa.

Tatu, maji machafu hutiwa kwanza dawa ya klorini ya kufulia, yakaachwa saa moja, kisha humwagwa chooni. Hayamwagwi mtaroni wala mtoni.

Nne, mikono hunawiwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kugusa sanduku, hata kama ni kifuniko tu. Kabla ya kuligusa, mikono huoshwa na kusuuzwa vizuri hadi sabuni yote iishe.

Tano, usafi hufanywa na mtu mzima. Mtoto wa miaka 10 na zaidi anaweza kusaidia akisimamiwa. Walio chini ya miaka 5 hutazama kwa mbali.

Kanuni ya tatu inamlinda pia chura wa porini. Kuna kuvu fulani anayeshambulia ngozi ya vyura, na ngozi ikiharibika moyo wao husimama. Mwaka 2019 wanasayansi walikadiria kuwa kuvu huyo amechangia kupungua kwa aina 501 za vyura na jamaa zao duniani, na kwamba aina 90 kati ya hizo huenda zimetoweka kabisa. Jirani zetu wa Tanzania waliyaona haya. Vyura wadogo wa maporomoko ya Kihansi, ambao hawakuwa wakipatikana mahali pengine popote ulimwenguni, walipungua baada ya maji kuelekezwa kwenye mtambo wa umeme, na kuvu huyo akaonekana miongoni mwao. Kufikia 2009 ilitangazwa kuwa hawapo tena porini. Waliookoka ni uzao wa vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, wakatunzwa katika masanduku ya kioo yenye mimea na manyunyu ya maji. Mnamo 2010, vyura 100 walirejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Sanduku la kioo basi laweza kuokoa chura, na maji yake yakimwagwa ovyo yaweza kumwangamiza. Kwa hiyo, ukichoka kuwafuga, usiwaachilie mtoni. Rudi kwa waliokupa kibali.

Chakula

Vyura wadogo hula wadudu walio hai, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yao. Kipande cha ndizi iliyoiva sana ndani ya chupa huwavutia nzi wadogo wa matunda. Wakishataga, funika chupa kwa kitambaa, na baada ya wiki mbili utakuwa na chakula cha kutosha. Wape mara tatu kwa wiki. Usiwape wadudu waliokusanywa mahali palipopulizwa dawa. Chupa hiyo nayo isikae jikoni.

Mtoto akiugua

Mtoto akianza kuharisha, mpe maji ya kunywa yenye dawa ya kurejesha maji mwilini, ile ya paketi, kidogo kidogo lakini mara kwa mara, na uendelee kumlisha au kumnyonyesha. Vidonge vya zinki vitamsaidia. Usikimbilie kununua dawa za kuua bakteria bila ushauri, kwani wengi hupona bila dawa hizo katika siku 4 hadi 7.

Lakini mpeleke hospitalini bila kukawia ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila anachokunywa, macho kuingia ndani, kukosa mkojo au usingizi usio wa kawaida. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja na mwenye selimundu wasingojee dalili hizo. Na ukifika, mwambie daktari kwamba mnafuga vyura. Hatakucheka. Ukimficha, atatibu kitu kingine.

Mama yule aliyeniuliza kuhusu chunjua alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: ndoo nyekundu inauzwa wapi? Nikajua kwamba amenielewa. Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba. Sanduku hili litamfunza mwanao subira, usafi na huruma kwa kiumbe mdogo, ilimradi wewe mzazi uwe mlinzi wa njia inayopita maji yake.